Simu za ofisini kwa intaneti, Tanga–Pangani: Opus, G.729 au G.711?

Msegeju_Ngamiani: Wakuu, ofisi ya Ngamiani na tawi la Pangani tunataka kupigiana kwa intaneti, vocha zimetuchosha. Fundi kataja kodeki tatu, yaani njia za kugeuza sauti kuwa data ipite mtandaoni: Opus, G.729, G.711. Nichukue ipi? Kesho nalipia simu.

FundiNyaya: Umeleta mgonjwa bila cheti. Pangani mna faiba au modemu ya laini? Wangapi wataongea kwa mpigo? Simu gani?

Dada_Raskazoni: Opus, hakuna mjadala. Ni ya bure, kiwango chake kilitoka 2012. Mtandao ukibana inashuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde, ukifunguka inapanda.

MzeeSwichi: Taratibu, mwanangu. G.711 ni ya 1972 na hakuna swichi ya simu isiyoijua.

Dada_Raskazoni: Shikamoo mzee. Lakini inakula kilobiti 64 kwa sekunde, na vichwa vya pakiti juu yake, yaani anwani zinazobandikwa kila kifurushi cha sauti, unafika 80.

FundiNyaya: Hapo kwenye vichwa ndipo watu hujipunja. G.729 ni 8, lakini pakiti 50 kwa sekunde zinabeba 16 za vichwa vitupu. Jumla 24. Gunia zito kuliko mchele.

Kijana_Chuda: G.729 ilinitia aibu mie. Niliifunga nyumba ya wageni fulani, mteja akisubiri anapigiwa taarabu. Kodeki ile imetengenezwa kwa mtu anayeongea; fidla ikatoka kama paka kabanwa na mlango. Saa nne usiku mwenye nyumba ananipigia, “Njoo uitoe, simu yako ina pepo.” Na “bonyeza 1” ikagoma, kumbe nilipitisha mlio wa vitufe ndani ya sauti, ukafika umechakaa. Nimerudi mara tatu, nauli yangu mwenyewe.

MzeeSwichi: Taarabu ipi hiyo? Mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star huu, msije mkawa mnasubirisha wageni kwa vinanda vya siku hizi.

Msegeju_Ngamiani: Samahani, nilikuwa bandarini. Pangani ni modemu, mchana inasuasua. Watu wanne. Simu ni za mezani, za mtumba. Karatasi yake inasema G.711, G.722, G.729.

Dada_Raskazoni: Kaka! Opus humo haimo, tunabishania nini tangu asubuhi?

FundiNyaya: Wanne kwa G.711 ni 320 kila upande, kwa G.729 ni 96. Au achana na mtumba, weka programu kwenye simu zenu za mkononi, Opus mtaipata.

Msegeju_Ngamiani: Bosi anataka simu ya mezani. Anasema ofisi bila mkonga si ofisi.

MzeeSwichi: Bosi ana akili. Kijana wa Chuda, hujanijibu, taarabu ipi?