Hifadhi ya wingu kwenye kompyuta ya nyumbani: niisimamishe, niitenganishe au niifute kabisa?

Mwalimu_wa_Tororo
Ndugu zangu, salamu. Tuna kompyuta ya mkononi tunayoitumia nyumbani, mimi, mke wangu na watoto wawili. Imekuwa ikipandisha mafaili yetu kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, na bando ambalo zamani lilinitosha juma zima sasa linakwisha siku ya tatu. Kosa ni langu, kwa kuwa siku nilipoiwasha mara ya kwanza nilikubali kila nilichoulizwa bila kusoma. Bando la sasa litakwisha Ijumaa, na kabla sijanunua jingine nataka niwe nimeamua: nisimamishe usawazishaji (yaani kompyuta kulinganisha mafaili yake na ya wingu), niitenganishe kompyuta na akaunti, au niifute programu yenyewe? Mke wangu anaona afadhali tulipie nafasi zaidi kila mwezi tupumzike. Ninyi mwasemaje?

Askari_Mstaafu
Ifute. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, unatafuta jina lake na kuiondoa; kazi ya dakika mbili. Mimi mafaili yangu yamo kwenye flashi mbili, moja sandukuni na nyingine mfukoni, na sijamlipa mtu hata shilingi moja anitunzie barua zangu mwenyewe.

Jinja_Mashariki
Mwalimu, umeomba dawa bila kuutaja ugonjwa. Ni wingu lipi? OneDrive, Google Drive na Dropbox haziondolewi kwa namna moja. Ni Windows 10 au 11? Na kubwa kuliko yote, mafaili yenyewe yamo ndani ya kompyuta, au yamebaki majina tu?

Nnalongo_wa_Mukono
Afande, tafadhali tusimharakishe Mwalimu, kwa maana dakika mbili kama hizo zilinigharimu miezi mitatu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba, na vitabu vyote vya kikundi nilikuwa naviandika kwenye kompyuta. Ilipoanza kukwamakwama niliipeleka kwa fundi mmoja mjini ili aisafishe na kuiwekea Windows upya. Alinakili folda zangu kwenye diski ya nje, lakini siku hiyo dukani kwake hapakuwa na intaneti, na kila alipofika kwenye faili lililokuwa wingu tupu, kompyuta ilimwambia kwamba haiwezi kulinakili. Naye akabofya kuliruka. Akaruka, akaruka, kisha akafuta kila kitu. Nilipofika nyumbani na kufungua diski nilikuta nyaraka za mwaka huo tu. Za miaka ya nyuma, pamoja na picha za ubatizo wa watoto wangu pacha, hazikuwamo. Mtu atasema, si bado zipo kwenye wingu? Zilikuwapo, ila akaunti aliifungulia mpwa wangu kwa namba yake ya simu, na laini ile alikwisha kuipoteza, kwa hiyo kila nilipojaribu kuingia, namba ya uthibitisho ilitumwa kwa simu isiyokuwapo duniani. Wanakikundi wakanitazama kana kwamba nimekula fedha zao. Niliingia hatimaye kwa anwani ya barua pepe ya zamani ambayo mpwa wangu aliikumbuka kwa bahati tu.

Jinja_Mashariki
Pole sana, Nnalongo. Kabla ya kugusa chochote, Mwalimu athibitishe kwanza kwamba anajua nenosiri na kwamba namba ya simu iliyomo kwenye akaunti ni yake.

Mwalimu_wa_Tororo
Asanteni. Ni OneDrive, na Windows ni ya 11. Namba ni yangu, nimehakikisha. Lakini sijaelewa maneno haya ya "majina tu" na "wingu tupu".

Jinja_Mashariki
Fungua folda ya OneDrive utazame alama iliyo kando ya kila faili. Kiwingu cha bluu maana yake faili liko mtandaoni tu, na unachokiona ni jina lake. Duara jeupe lenye tiki ya kijani maana yake limo kwenye kompyuta kwa sasa. Duara la kijani lililojaa, lenye tiki nyeupe, maana yake umeagiza libaki kwenye kompyuta daima. Ukiifuta programu leo kama Afande anavyoshauri, yenye kiwingu hutakuwa nayo nyumbani. Itakubidi kuyafuata kwenye tovuti.

Tazama pia folda zako za nyaraka, picha na deskitopu ziko wapi. Ulipokubali kila kitu, huenda ulikubali pia zihamishiwe ndani ya folda ya OneDrive. Bofya mahali panapoonyesha njia ya folda, yaani anwani yake juu ya dirisha. Ukiona neno OneDrive katikati, ndivyo ilivyo.

Kijana_wa_Arua
Mimi naona mnazunguka mbuyu. Weka Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, uachane na mambo ya akaunti kabisa. Kompyuta yangu ya zamani iliyokataa Windows 11 inakwenda vizuri tangu msaada wa bure wa Windows 10 ulipokoma Oktoba 2025.

Askari_Mstaafu
Kijana, Mwalimu ameuliza namna ya kuondoa tawi, wewe unamwambia ang'oe mti. Ila kuhusu bando namwonea huruma. Tangu Julai 2021 data hapa Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Kwa nini mtu ailipie ushuru picha inayopanda mawinguni usiku wakati yeye amelala?

Mwalimu_wa_Tororo
Nimetazama. Njia ina neno OneDrive katikati, na karibu nusu ya nyaraka zina kiwingu cha bluu. Jambo jingine nililosahau kulieleza: kuna tangazo la kila siku kwamba nafasi imejaa, na barua pepe yangu ya Outlook haipokei ujumbe tangu wiki jana. Ndiyo sababu mke wangu anataka tulipie.

Jinja_Mashariki
Mwalimu, hilo ndilo ungeanza nalo! Nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5, na ikijaa, kupakia husimama na barua za Outlook za akaunti hiyo nazo huzuiwa. Sasa jiulize: ikiwa kupakia kumesimama tangu wiki jana, ni nani anayekula bando lako wiki hii? Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya matumizi ya data. Huko kila programu imeandikiwa ilichotumia kwa siku 30.

Kuhusu barua, kuitenganisha kompyuta peke yake hakutazifungua, kwa sababu mafaili yatabaki kwenye wingu na nafasi itabaki imejaa. Lazima uyapunguze kule kule. Lakini ukiyafuta kwenye tovuti wakati kompyuta bado imeunganishwa, yatafutika na nyumbani pia, na pipa la taka la OneDrive huyahifadhi kwa siku 30 tu. Kwa hiyo shusha kwanza yenye kiwingu, kwa kubofya kulia na kuagiza yabaki kwenye kompyuta. Yakisha kushuka, zima uhifadhi wa folda zile tatu, hamisha mafaili uyatoe kwenye folda ya OneDrive na uyanakili kwenye diski ya nje, kisha utenganishe kompyuta na akaunti. Baada ya hapo ndipo ufute kwenye tovuti. Programu yenyewe ukiitoa au ukiiacha ni hiari yako.

Nnalongo_wa_Mukono
Naafiki mpangilio huo, ila pamoja na yote yaliyonipata, wingu sikuliacha. Flashi mbili za Afande zikiibiwa pamoja, au nyumba ikiungua, atakwenda wapi? Mimi huweka huko folda moja tu, ya vitabu vya kikundi, ambayo haifiki hata GB 1, na hakuna kingine kinachopanda.

Askari_Mstaafu
Mama, nimesema moja iko mfukoni.

Nnalongo_wa_Mukono
Nayo suruali ikifuliwa?

Kijana_wa_Arua
Google Drive inampa GB 15 za bure. Ahamie huko.

Jinja_Mashariki
Zinazogawanywa na Gmail pamoja na picha za simu. Baada ya mwaka atarudi hapa na swali lile lile.

Mwalimu_wa_Tororo
Nimeona aibu kidogo. Kwa siku 30 OneDrive imetumia GB 6, lakini kivinjari cha intaneti kimetumia GB 19. Nimewaita watoto. Mkubwa anasema ni masomo, mdogo anasema ni katuni, na ninamwamini mdogo.

Askari_Mstaafu
Kwa hiyo wingu lilisingiziwa?

Jinja_Mashariki
Halikusingiziwa, lilikuwa na mwenzake. GB 6 nazo ni fedha. Kwa sasa iambie Windows kwamba mtandao wako unalipiwa kwa kipimo. Hapo haitapakua yenyewe masasisho mengi, na OneDrive nayo husimama. Katuni, hiyo kesi ni ya nyumbani.

Mwalimu_wa_Tororo
Nimekosea mahali. Nilizima uhifadhi wa deskitopu kabla ya mafaili yote kushuka, na sasa deskitopu ni tupu kabisa isipokuwa njia ya mkato inayouliza mafaili yangu yako wapi. Mke wangu amesimama nyuma yangu.

Jinja_Mashariki
Usifute kitu. Bofya hiyo hiyo njia ya mkato. Itakupeleka kwenye folda ya deskitopu iliyomo ndani ya OneDrive. Yote yatakuwa humo.

Mwalimu_wa_Tororo
Nimeyaona, ahsante Mungu. Yaliyobaki na kiwingu ni mawili tu: mtihani wa muhula wa pili na video ya harusi ya shemeji yangu, ambayo peke yake ni zaidi ya GB 1. Mtihani nimeushusha sasa hivi. Video nitaishusha Jumatatu kwa mtandao wa shuleni, nikiruhusiwa, na hadi hapo sitatenganisha chochote. Mke wangu bado anasema tulipie.