Usuluhishi wa talaka huchukua muda gani?

Fundi_Njeru: Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na mke wangu tulifunga ndoa kanisani mwaka 2011, na sasa shauri letu la talaka limepelekwa kwa msuluhishi wa mahakama hapa Jinja, Uganda. Tumekutana naye mara moja tu, tukakwama kwenye kiwanja. Naomba kujua usuluhishi humalizika baada ya muda gani, kwani nina haraka kidogo.

Mama_Masese: Mwanangu, nilipofarakana na marehemu mzee, wazee wa pande zote mbili walikaa chini ya mwembe hadi birika la kahawa likakauka, na jioni nikarudi kwangu na mzigo wangu kichwani. Siku hizi mnakimbilia mafaili.

Karani_Mstaafu: Kanuni za usuluhishi za mwaka 2013 zinatoa siku 60. Hata hivyo, mnachokubaliana pale ni mali na malezi ya watoto. Ndoa huvunjwa na mahakama, na kati ya hukumu ya awali na ya mwisho sheria inataka ipite miezi isiyopungua 6. Haraka ya nini?

Boda_Bugembe: Huyu amekwisha kuposa!

Fundi_Njeru: Sikutaka kulisema hilo. Kwanjula, yaani sherehe ya kutambulishwa ukweni, ni Desemba, na ng'ombe wawili wako tayari kwa wazazi wa binti huko Kayunga. Lakini mimi na mke wangu tumetengana miaka minne, na kwanjula ni utambulisho tu, si ndoa.

Karani_Mstaafu: Utambulisho wenye mahari ndiyo ndoa ya kimila yenyewe. Aliyefunga ndoa ya kanisani akioa tena kimila kabla ndoa hiyo haijavunjwa, anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Mpenda_Ukweli: Mimi nashuku kisa hiki kimebuniwa. Mbona ng'ombe wamekuja baada ya swali la Karani? Tuonyeshe wito wa mahakama.

Mama_Masese: Kama ni uongo, ng'ombe wa watu wanalishwa na nani?

Fundi_Njeru: Wito uko mezani, una doa la chai pembeni, na kikao ni Jumanne saa tatu asubuhi. Siupigi picha kwa sababu una jina la mama wa watoto wangu. Karani, nikimwachia kile kiwanja chote, ile miezi 6 itapungua?

Karani_Mstaafu: Haipungui hata siku moja.