Filamu ya kutisha bora kuliko zote: mimi naiweka Get Out juu, leteni hoja zenu

Mleta mada:

Wakuu, tangu juzi nyumbani kwetu hatuelewani. Shemeji yangu anasema filamu ya kutisha iliyo bora kupita zote ni The Exorcist, ile ya binti aliyepagawa na pepo, na mjadala umefungwa. Mimi nasema haujafungwa. Naiweka juu Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunirushia mawe.

Kwanza niseme napimaje. Kushtuka si kuogopa. Paka akiruka kutoka kabatini na muziki ukapigwa kwa nguvu, hata jasiri atashtuka, na dakika mbili baadaye anacheka. Picha inayotisha kweli ni ile inayokichukua kitu cha nyumbani kwako, ulichokizoea, isikirudishe tena kama kilivyokuwa. Mimi baada ya Get Out, wiki nzima kijiko kikigonga ukingo wa kikombe nageuka.

Kwa ambao hawajaiona: Chris, kijana mweusi mpiga picha, anakwenda na mpenzi wake mzungu kutambulishwa kwa wazazi. Ukweni wanampokea vizuri mno. Usiku mama wa binti, ambaye kazi yake ni kutibu watu akili, anamkalisha kitini, anakoroga chai taratibu, anamuuliza habari za kifo cha mama yake. Kijiko kinazunguka. Chris machozi yanamtiririka, macho kayatoa, mwili hausogei. Kisha anazama. Anapita kwenye kiti, anaporomoka gizani, na ile sebule inabaki juu kama runinga iliyo mbali. Anapiga kelele, sauti haitoki. Aliyewahi kukabwa na jinamizi anajua ninachosema: macho yameona dari, masikio yanamsikia mdogo wako akikoroma kitanda cha pili, unataka kumwita na ulimi haukutii. Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London mwenye wazazi Waganda, alifanya yote hayo kwa uso tu.

Halafu kuna kitu ambacho sisi tunakipata kuliko wengine. Tumekua tukiambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Filamu hii ni methali hiyo iliyogeuzwa ndani nje. Wenyeji wale wanapona kweli, wanapona kwa mwili wa mgeni: ubongo wa mzungu unapandikizwa kwenye kichwa cha mtu mweusi. Babu kapata miguu mipya, anakimbia bustanini usiku. Bibi kapata sura mpya, anajitazama kiooni hachoki. Kipofu mmoja muuza michoro anayataka macho ya Chris, na anayapata kwenye mnada usio na kelele, watu wazima wanainua kadi za bingo mchana kweupe huku kijana mwenyewe akitembea ziwani hana habari. Mimi mnada ule unanitisha kuliko zimwi lolote.

Na wenye Kiswahili tulionywa mapema. Mwanzoni kabisa, majina ya waigizaji yanapita, miti inakimbia dirishani, kuna wimbo unaitwa Sikiliza kwa Wahenga. Ni Kiswahili. Ameutunga Michael Abels, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza kuitungia muziki. Sisi tungesema wasikilize wahenga, lakini ujumbe umefika: ndugu, kimbia, jiokoe. Wamarekani wengi ukumbini walisikia mnong'ono wa kutia baridi tu. Mimi nilikaa wima. Nilijua kabla Chris hajafunga begi.

Haya, leteni.

Mchangiaji wa kwanza:

Dada, umeeleza vizuri ila niko na shemeji yako. The Exorcist ilitoka mwishoni mwa 1973, na ikapendekezwa kwa tuzo 10 za Oscar ikiwemo ya filamu bora, jambo ambalo halijawahi kuipata picha ya kutisha kabla yake. Lakini tuache tuzo. Mwongozaji William Friedkin alikipoza chumba cha yule binti kwa mashine mpaka pumzi za waigizaji zikaonekana kama moshi. Baridi ile ni ya kweli. Sauti ya pepo aliitoa mama mmoja, Mercedes McCambridge, kwa koo lake.

Na mimi ni mtu wa pwani. Nikiwa na miaka tisa jirani yetu alipandisha. Alikuwa mama mpole, muuza vitumbua, halafu sauti nzito ikatoka kinywani mwake ikadai uvumba na kitambaa chekundu. Wazee wakaiuliza kwa heshima: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Nilikuwa nimeshika sahani ya vitumbua ambayo alikuwa amenipa muda si mrefu, bado ina moto. Filamu inayoweza kunirudisha kwenye ile sahani haina mpinzani.

Mleta mada:

Kaka, habari ya sahani nimeisikia mwilini. Na nakupa moja zaidi ya upande wako: kinachoniumiza mimi kwenye The Exorcist wala si pepo, ni hospitali. Mama anazunguka kwa madaktari, mtoto anachomwa sindano shingoni, mashine zinagonga, majibu hakuna, na mwisho ni madaktari wenyewe wanaotaja kumtafuta padri. Mama yeyote aliyewahi kuzunguka na mtoto mgonjwa mkononi anaijua safari ile.

Ila angalia ulivyosimulia mwenyewe. Wazee walijua la kuuliza. Pepo ana jina, ana kwao, ana anachotaka, na kuna mtu mwenye kazi ya kumwondoa. Kwenye Get Out ukimkimbilia daktari, daktari ndiye mwenye kisu. Ukimkimbilia mchumba, yeye ndiye aliyekuleta. Hakuna wa kumwita.

Mchangiaji wa pili:

Wanangu, mmeruka mama yao wote. Night of the Living Dead, 1968, ya George Romero. Nyeusi na nyeupe, imetengenezwa na vijana wa Pittsburgh kwa hela kidogo. Msambazaji alipobadili jina la filamu akasahau kurudisha alama ya hakimiliki, ikawa ya kila mtu, ndiyo maana imezagaa dunia nzima.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na imani moja: steling hafi. Anapigwa, anachomwa, anaanguka na gari, lakini hafi. Sasa hapa steling ni Ben, mtu mweusi, kaigiza Duane Jones. Ndiye mwenye akili kuliko wote mle ndani. Anapigilia mbao madirishani, anapigana na maiti zilizofufuka usiku kucha, wenzake wanaisha mmoja mmoja, yeye anapona. Kunakucha. Anasikia bunduki na mbwa, msaada umefika. Anasogea dirishani kuchungulia. Wanampiga risasi ya kichwa, wanadhani ni maiti. Wanamvuta kwa ndoano za nyama, wanamtupa kwenye moto. Basi.

Filamu hiyo iliingia sinema Oktoba, na Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili ya mwaka huohuo. Huyo Peele wako, mwanangu, kanywa kwenye kisima hicho.

Mleta mada:

Mama, shikamoo. Hapo umenibana, sitakataa. Bila Ben hakuna Chris.

Lakini niruhusu nirudi kwenye dakika za mwisho za Get Out. Chris katoka, katapakaa damu, yuko barabarani usiku, yule binti kalala chini mbele yake. Zinatokea taa za gari, nyekundu na bluu. Chris ananyanyua mikono. Mimi pumzi ilikata, na nadhani ilikata kwa sababu ya Ben. Filamu nzima tulikuwa tunaogopa wenye nyumba. Sasa tunaogopa msaada. Peele alishapiga mwisho ambao polisi wanamkamata Chris na anaozea jela. Akautoa. Kwenye gari akamweka rafiki yake Chris, mlinzi wa uwanja wa ndege, yule aliyemwambia tangu siku ya kwanza asiende.

Wapo wanaosema alilegeza, kwamba mwisho wa jela ungekuwa wa kweli zaidi. Mimi sikubali, na hapa ndipo nataka mnibishie. Ben alikufa peke yake mle ndani, hakuna aliyekuwa anamsubiri nje. Chris alikuwa na mtu aliyeshika simu tangu mwanzo akimwambia toka huko. Na nyuma ya mtu huyo kulikuwa na sauti nyingine, zinaimba kwa lugha ambayo Chris mwenyewe haielewi.

Sisi tunaielewa.