Mrejesho: kuishi peke yangu kwenye kibanda cha porini
Wakuu, niliuliza nijiandae vipi kabla ya kuhamia peke yangu kwenye kibanda cha mbao, mbali na watu. Wengi mlisema maji na kuni, na ndivyo ilivyo. Maji ya kijito nayachemsha yatokote dakika 1 nzima. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Kuni nimezipasua na kuzipanga chini ya paa, pembeni wazi upepo upite. Gonganisha vipande viwili: vikilia kwa sauti kali, vimekauka. Jiko likiwaka dirisha halifungwi lote, maana kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, haina rangi wala harufu. Ila kubwa kuliko yote, aliyenishauri nipange na ndugu saa ya kumpigia kila siku, nisipopiga aje, Mungu ambariki. Sola bado sijafunga.