Jamani KACHEKA! Binti kavunjwa taya, bosi wetu anahesabu punguzo

Mama_wa_Zamu_ya_Usiku

Wakuu poleni na mkesha wa drafti ya NFL, ule usiku timu za mpira wa Marekani zinapochagua vijana wa vyuo raundi kwa raundi, mimi sijalala na leo silali. Mods nawaomba msiunganishe huu uzi na ule wa kawaida, kule mnapongezana na mimi hapa sina wa kumpongeza.

Nyote mnamjua bosi wa timu yetu ninayemsema. Simtaji. Si kwamba namwogopa, jina lake likipita mdomoni mwangu usiku huu nitatapika pilau lote nililokula. Timu mnaijua, kijana mnamjua, kesi mnaijua. Raundi ya 3 kijana tumemchukua, sawa, nikakaa kimya, nikasema ngoja nimsikilize mkubwa mwenyewe atasema nini. Basi kaja mezani na kofia mpya ya timu, mwandishi mmoja Mungu ambariki kauliza ile kesi, kauliza kwa adabu kabisa, kwamba kuna binti taya limevunjwa, kuna faili la polisi, kuna tarehe ya mahakama mwezi wa sita, mmelipimaje hilo. Yeye anajibu wamefanya uchunguzi wao wameridhika, na kwamba kijana wa kiwango cha raundi ya kwanza ukimpata raundi ya tatu hiyo ni bei ambayo hakuna timu ingeiacha.

Halafu akacheka.

Wakuu, KACHEKA. Siyo tabasamu la kuona haya. Mabega yalipanda mpaka masikioni, meno yote 32 nje, lile jego la mwisho kabisa nimeliona na kijazio chake. Mwanamke kavunjwa taya, mtu mzima mwenye mabinti kakaa mbele ya kamera ishirini anacheka kwa sababu kaokoa raundi mbili!

Yaani ni kama uko Karume unachagua shati la mtumba, unalikunjua unakuta doa, unamwambia muuzaji hili lina doa nipunguzie. Ndicho alichofanya. Na doa ni yule binti.

Mimi nafanya kazi emajensi, zamu ya usiku, miaka 9 sasa. Mnajua taya likivunjika linafanywaje? Mara nyingi meno ya juu na ya chini yanafungwa kwa waya, mtu anakunywa chakula kwa mrija wiki nne mpaka sita. Kuongea ni kwa meno yaliyofungwa. Usiku analala na koleo la kukatia waya pembeni ya mto, akitapika zikatwe haraka asije akapaliwa akafa. Koleo, wakuu, pembeni ya mto! Hiyo ndiyo bei poa yake. Hicho ndicho kilichomchekesha.

Na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kakaa sebuleni kwangu na sahani yangu mapajani, kapiga makofi kasema "tumelamba dume". Nimezima TV. Nimechukua sahani. Nyama ilikuwa bado juu. Sasa hivi ndani humu hakuna anayeongea na mwenzie na mimi nimekaa jikoni naandika. Tiketi zangu za msimu mzima nimelipia tangu Februari, mwenye kuzitaka aje PM.

Kacheka!!

---

Kocha_wa_Sebuleni

Dada nimekuelewa mwanzo mwisho, pole sana. Na kinachouma hawajifunzi hawa watu. 1996 timu ya Rams walimchukua Lawrence Phillips nafasi ya 6, na kila mtu alijua alichomfanyia yule binti pale chuo cha Nebraska, alimburuta kwenye ngazi. Siku hiyohiyo ya drafti wakamtoa Jerome Bettis kwenda Pittsburgh ili kumpisha huyo. Bettis leo yuko Hall of Fame, ukumbi wa magwiji. Phillips hakumaliza hata misimu miwili wakamtimua, kafia gerezani California 2016. Hayo ndiyo mahesabu ya bei poa.

---

Yadi40_kwa_4.3

Dada uzi wako mrefu kuliko hukumu yenyewe 😂 Septemba kijana akiingia mara mbili kumlaza kotabeki (mrusha pasi) wa wapinzani utakuwa wa kwanza kusimama, na hiyo jezi utainunua, tena mbili, moja ya shemeji kuomba radhi ya nyama.

Tuongee mpira. Randy Moss alikuwa na kesi ya kupiga mtu, akaonja jela, vyuo viwili vikamkataa, 1998 mara 20 nzima timu zikampita kwa maadili yao mazuri. Timu ya Vikings wakamchukua nafasi ya 21, tachidauni (mabao) 17 mwaka wa kwanza. Jalen Carter juzijuzi tu, 2023, mlipiga kelele hivihivi, Eagles wa Philadelphia wakamchukua nafasi ya 9, Februari 2025 wako kwenye fainali ya Super Bowl wanampa Kansas City 40 kwa 22 na huyo Carter katikati anavuruga watu. Timu siyo madrasa.

---

Mama_wa_Zamu_ya_Usiku

@Yadi40 umesoma nilichoandika au umesoma kichwa cha uzi ukakimbia? Sijauliza kama anajua mpira! Anajua, nimemwona chuoni miaka 3, anapita kwenye ukuta wa watu kama mlango wa sokoni. Na Carter usimlete hapa, ile ilikuwa mbio za magari barabarani, watu wawili walikufa, lakini kesi yake iliisha mahakamani Machi, kabla ya drafti, akapewa kifungo cha nje miezi 12, faini dola 1,000 na saa 80 za kazi za jamii. Sheria ilipita kwanza kofia ya timu ikafuata. Huyu wetu mahakama ni Juni na kofia keshavaa.

Na sikumbuki hata mtu mmoja wa Philadelphia aliyekaa mezani AKACHEKA.

---

Wakili_wa_Mtaa

Tuwe waangalifu jamani. Mimi sitetei kicheko, kicheko ni cha kijinga. Lakini kesi haijasikilizwa na humu mmeshafunga jalada. Mmemsahau La'el Collins wa chuo cha LSU? 2015, raundi ya kwanza ilikuwa yake kabisa, siku chache kabla ya drafti mpenzi wake wa zamani mjamzito akauawa, polisi wakasema wanataka kuongea naye tu, hata mshukiwa hakuwa. Raundi zote 7 zikapita hakuitwa. Wachezaji 256 wakaitwa yeye yumo ndani anaangalia simu. Dallas wakaja kumsajili baadaye kama mtu asiye na timu. Mamilioni yameyeyuka kwa kosa ambalo hakufanya.

Na yule mpiga mateke ya mbali (panti) wa Buffalo, Matt Araiza, 2022 walimtoa Agosti baada ya kufunguliwa shauri zito la madai, Desemba waendesha mashtaka wakasema hawafungui kesi. Kukaa nje mpaka 2024 ndipo Kansas City wakamchukua. Kwa hiyo ndugu zangu pande zote kuna watu wameumia.

---

Bint_Pangani

Wakili umeongea vizuri ila mfano wako haufanani. Hao wawili uliowataja ni wenye bahati mbaya, mbona humtaji Joe Mixon? Yule kila mtu alimwona kwa macho. Video ilitoka Desemba 2016, anampiga msichana wa watu ngumi, anaanguka kwenye meza, mifupa ya uso imevunjika. Combine ya Indianapolis, yale majaribio ya vijana kabla ya drafti, hakualikwa, ligi ilikataa, watu tukasema haya sasa mambo yamebadilika. Miezi minne baadaye Cincinnati hao, nafasi ya 48. Kutoalikwa maana yake nini sasa kama mlango wa nyuma uko wazi?

Na Tyreek Hill je. Alikiri mwenyewe mahakamani 2015 kumkaba na kumpiga mwanamke mjamzito. Alikiri! Mwaka uliofuata raundi ya 5. Alipoanza kukimbia ile mbio yake kila mtu akawa anamwita kwa jina la utani la duma. Mwanamke hakuna aliyemkumbuka tena.

Mama wa Zamu niko na wewe, mimi jezi yangu nimeishaikunja.

---

Mzee_Difensi

Nakubaliana nanyi nyote lakini tusiache jambo la msingi. Kwa nini tumechukua MLINZI? Tunao wanne wa aina hiyohiyo! Kotabeki wetu mwaka jana kalazwa chini mpaka mgongo umekuwa zege, kila Jumapili anaamka kama mtu aliyeshuka basi la Kigoma, na sisi upande wa kushoto wa ukuta wa kumlinda hatuna mtu. HATUNA MTU. Kijana mwenye futi 6 na inchi 6 alikuwepo pale mezani anatuangalia, hana kesi, hana deni, mama yake mchungaji, tukamwacha akaenda kwa mahasimu. Hilo ndilo la kulia leo.

---

Kocha_wa_Sebuleni

@Mzee_Difensi HAPO sasa. Nilirusha rimoti.

---

Mama_wa_Zamu_ya_Usiku

Mzee wangu kwa heshima zote shikamoo, lakini naongelea binti amevunjwa taya na mtu kacheka, siyo ukuta wa kushoto.

Na kwa waliosema hakuna timu inayoweza kufanya vingine: mwaka huohuo wa 1996 wa Phillips, timu ya New England walimchaguaga mtu mwingine wa Nebraka hiyohiyo, Christian Peter, raundi ya 5. Mke wa mwenye timu akasoma habari za huyo kijana na wanawake, akasema huyu hachezi hapa. Hazikupita hata siku kumi wamemwachia, jezi hajaigusa. Wala timu haikufa, msimu huohuo wakafika Super Bowl. Kwa hiyo inawezekana! Hata kesho asubuhi inawezekana! Anayetakiwa tu ni mtu mmoja mle ndani ambaye akisikia taya limevunjwa hacheki.

---

Yadi40_kwa_4.3

Walifika wakafungwa na Green Bay 😂 na ni Nebraska siyo Nebraka, hasira imekula herufi

---

Bint_Pangani

Wewe @Yadi40 una dada? Swali tu.

---

Yadi40_kwa_4.3

Ninao watatu na hakuna anayefungua uzi saa sita usiku kisa mtu kacheka. Bosi angelia mngesema anaigiza.

---

Mkesha_Tandika

Nyie mlioko Marekani mnalalamika mmekaa na pilau! Sisi huku Dar raundi ya pili inaanza saa nane usiku, ya kwanza jana yake saa tisa, mimi siku mbili mfululizo sijalala na asubuhi natakiwa kwenye kibarua saa moja. Bando la GB 5 limeishia raundi ya 2 katikati, hata huyo kijana wenu sijamwona akichukuliwa, nimeona picha tu. Ligi inasema inataka mashabiki dunia nzima halafu mechi ya Jumapili usiku inafika kwetu saa tisa na dakika ishirini alfajiri, Novemba wakirudisha saa nyuma inakuwa saa kumi na ishirini. Shabiki gani huyo, mlinzi wa zamu?

---

Mzee_Difensi

Kijana pole. Zamani sisi tulikuwa tunasubiri matokeo kwenye gazeti siku tatu baadaye na tulishukuru.

---

Wakili_wa_Mtaa

@Mkesha_Tandika wakirudisha saa nyuma tofauti inakuwa masaa 8 kwa pwani ya mashariki, ila kama timu inacheza magharibi wanahesabu tofauti, angalia usije ukaamka bure.

---

Mkesha_Tandika

Mechi inaanza wakati mmoja tu mkuu, haijalishi inachezwa wapi, ya Jumapili usiku ni ileile.

---

Wakili_wa_Mtaa

Hapana, sikiliza, kama iko Seattle kwao ni saa kumi na moja jioni.

---

Mkesha_Tandika

Kwao! Mimi naongelea kwangu Tandika! Kwangu ni saa tisa na ishirini hata wakichezea mwezini!

---

Kocha_wa_Sebuleni

Hahaha mwacheni Wakili, ndiye aliyetuamsha ile mechi ya London tukakuta imeisha. Ya London kwao ni mchana, huku ni asubuhi, mnakumbuka? Watu 11 tulikuwa kwenye lile grupu, tumevaa jezi, tumepika, tunafungua TV tunakuta wanahojiwa.

---

Mama_wa_Zamu_ya_Usiku

Nimeirudia sasa hivi ile klipu mara ya nne. Mwandishi anauliza, anasema neno "taya", na hapo kabla hata swali halijaisha mdomo wake umeshaanza kupinda. Alikuwa na kicheko tayari. Alikuja nacho kutoka nyumbani.

---

Mzee_Difensi

Binti yangu nenda kalale, kesho ni raundi ya 4 mpaka ya 7, huenda wakachukua mtu wa ukuta.

---

Bint_Pangani

Dada zile tiketi ni upande gani? Siyo zangu, mume wangu anauliza. Kama ni juu kabisa kule kwenye jua hataki.

---

Kocha_wa_Sebuleni

Na parking imo? Maana mwaka jana nimelipa dola 60 kuegesha, nikatembea dakika 35, nimefika kota ya pili.

---

Mkesha_Tandika

Dola 60?? KUEGESHA GARI??

---

Kocha_wa_Sebuleni

Na kioo walinivunjia. Ngoja nifungue uzi wake.