Panadol kabla ya chanjo ya mtoto: nimpe au nisubiri homa? Naomba ushauri

Habarini wakuu, hasa mlio kwenye sekta ya afya. Binti yangu alichomwa chanjo ya pentavalenti (ile moja ya magonjwa matano) ya wiki 6, paja likavimba, gumu na la moto ukiligusa, usiku homa ikapanda. Sasa ya wiki 10 imekaribia na bibi yake ameshanunua panadol ya maji, anataka tumpe kabla hatujatoka nyumbani.

Mimi nasita. Utafiti wa Jamhuri ya Czech uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto waliopewa parasetamo (ndiyo hiyo panadol) mapema, kuzuia homa tu, walitengeneza kingamwili pungufu kwa baadhi ya chanjo, ingawa wengi bado walifikia kiwango cha kinga. Kumbe huo uvimbe unasaidia kuamsha kinga ya mwili itengeneze seli za kumbukumbu, zile ambazo dozi inayofuata inakuja kuzikumbusha kazi. Lakini Uingereza wanashauri parasetamo kwa chanjo ya meninjitisi B (aina ya homa ya uti wa mgongo)! Nishike lipi?

Nikimpa baada ya homa kupanda, kinga inaathirika vilevile? Na huyu bibi namwelezaje bila ugomvi, maana ameshalea sita na wote wazima.