Wakuu, mkanda gani wa kiuno unafaa kwa kazi ya mizigo?

Mti Mkavu: Habari wakuu. Nipo ghala la vipuri, napakia na kushusha. Tangu juzi kiuno kinanikamata, hata kufunga kamba za viatu ni vita. Kesho asubuhi tuna kontena. Nitajieni mkanda mzuri, ule mpana. Kejeli hapana.

Kuli Mstaafu: Pole mkuu. Mkanda haubebi mzigo, unakupa kiburi tu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilishasema tangu 1994 kwamba haipendekezi mikanda hiyo kwa mfanyakazi asiyeumia. Mzigo uukumbatie, boksi na kitovu visalimiane. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, kiuno kiache.

Baba Mapacha: Mimi friji la shemeji lilinilaza wiki mbili. Ngazini, yeye juu, mimi chini, akaachia ajikune. Hadi leo hatuelewani vizuri.

Nyota ya Zamu: Mtoa mada, ulibeba nini? Na ulibebaje?

Mti Mkavu: Mota ya pampu, kilo 60 na ushee. Toroli lilikuwa halina upepo, mwenzangu yupo kwenye simu. Nikaitoa sakafuni, nikajizungusha nayo kuiweka kwenye paleti. Kiuno kikalia "ka". Mngefanyaje, msimamizi anaangalia saa?

Nyota ya Zamu: Ningejaza upepo. Mwongozo wa Uingereza kwa mwanamume ni kilo 25, tena mzigo ukiwa usawa wa kiuno na karibu na mwili. Ukianzia sakafuni hushuka hadi kilo 10. Wewe ulianzia sakafuni, ukajipinda juu yake.

Baba Mapacha: Vijana mnapenda sifa.

Mdaku: Hii chai. Mtu aliyeumia anaulizia daktari, huyu anaulizia mkanda. Subirini, kesho anaweka namba ya simu na rangi zilizopo.

Kuli Mstaafu: 😂 Nilishaanza kunusa biashara.

Nyota ya Zamu: Chai au si chai, nijibu: maumivu yanashuka mguuni? Ganzi je?

Mti Mkavu: Kidogo, mguu wa kulia. Sikutaka kusema kwa sababu bado nipo kwenye miezi ya majaribio na nimeshamwambia msimamizi nipo fiti. Jina langu lipo zamu ya kesho, siwezi kurudi nyuma. Mdaku, jioni hii kandambili imenitoka mguuni, nikatembea hadi mlangoni bila kujua. Muuza mikanda angetunga hiyo?

Nyota ya Zamu: Achana naye. Pale unapokalia, katikati ya mapaja, unapahisi? Mkojo unatoka kawaida? Kimojawapo kikigoma ni dharura, hospitali usiku huuhuu, neva zinabanwa.

Mti Mkavu: Sijaenda haja ndogo tangu mchana. Nilidhani ni jasho.

Mdaku: Mkuu, upo na nani hapo? Kuna mwenye gari?